Mkono Nyuma ya Bukta

Mama Pacha alianza kumshuku mumewe siku aliyomkuta akiongea na simu nje kwenye kamba ya nguo, katikati ya mashuka mabichi, wakati ndani ya nyumba mtandao unasoma vizuri hata chini ya uvungu wa kitanda. Mtu mwenye mazungumzo safi anatafuta nini kwenye mashuka?

"Nani huyo?" alimuuliza aliporudi ndani.

"Mteja. Friji lake haligandishi."

Lilikuwa jibu la kukubalika, maana Baba Pacha ni fundi friji na karakana yake iko mtaa wa pili tu. Lakini wateja wa friji Mama Pacha anawajua. Hao hupiga simu kwa kufoka, nyama imeharibika, maziwa yamechacha, na fundi naye hujibu kwa sauti ya juu ili asionekane ameshindwa. Huyu alijibiwa kwa mnong'ono. "Nimekuelewa. Hapana, hata mke wangu hajui." Maneno hayo Mama Pacha aliyasikia mwenyewe, beseni mkononi, na tangu hapo hakukaa akatulia.

Isidhaniwe ni wivu. Mwanamke wa nje angemjulia dawa yake asubuhi ileile, na wifi yake, dada wa mumewe aliyekuwa akiishi nao, angemshikia khanga. Shida ilikuwa kwamba yeye na mumewe wote ni waamuzi wa mpira. Siku za kazi yeye anashona nguo, mumewe anatengeneza mafriji. Mwisho wa wiki wanavaa nyeusi na kwenda uwanjani, mume katikati na kipenga, mke pembeni na kibendera. Chama cha waamuzi kiliwapanga pamoja kwa sababu watu wenye vyeti walikuwa wa kuokoteza, na mashabiki nao walishamaliza utani wao wote, kuanzia ule wa nani anampigia nani kipenga nyumbani.

Sasa Jumapili ilikuwa inakuja mechi ya Bluu na Kijani. Mshindi anapanda daraja, mwingine anabaki palepale kwenye vumbi. Kabla ya mechi ya namna hiyo, kuna watu ambao kazi yao ni kuulizia refa anakaa nyumba ipi. Hilo halina ubishi, kila mwamuzi analijua. Na mwamuzi akikamatwa, anafungiwa maisha, jina lake linabaki mdomoni mwa wauza magazeti na vinyozi.

Kwa Mama Pacha lilikuwa zaidi ya kufungiwa. Mara ya kwanza kumwona huyu mwanamume, alikuwa anamtoa kwa kadi nyekundu mjomba wake mwenyewe, mtu mzima, nahodha wa timu ya maveterani, aliyemkata mtu ngwala mbele ya goli. Mjomba alisusia harusi yao, na amenuna mpaka leo. Mama Pacha hujisifia jambo hilo kwa kila mteja anayekuja kupimwa gauni. Aliolewa na mtu asiyenunulika, na kama mtu huyo ameshanunulika, basi hakujua tena aliolewa na nani.

Siku ya pili yake aliamua kupeleka chakula karakana mwenyewe badala ya kumtuma wifi. Akamkuta mwanamume mwenye shati lililopigwa pasi, amekaa juu ya kreti lililopinduliwa, magoti yake na ya Baba Pacha yanakaribia kugusana. Alipoingia tu, wote wawili wakanyamaza. Hapakuwa na friji la mgeni pale, wala hata waya wa friji. Yule mtu akasimama, akasema, "Habari za kazi, shemeji," akatoka bila kungoja kujibiwa.

"Anatafuta friji la mtumba," Baba Pacha akasema, macho yake kwenye bakuli.

Mama Pacha akamwangalia yule mgeni akiishia barabarani. Sura ile aliijua. Yule bwana alikuwa katibu wa Bluu. Misimu kadhaa alikaa kwenye benchi lao na kofia yao ya bluu, akimzomea kila alipoinua kibendera. Kwa hiyo ni Bluu! Alirudi nyumbani akitembea kama mtu anayefukuzwa.

"Wifi, una nini? Uso umekushuka," dada wa mumewe alimwambia jikoni.

"Kaka yako ana wageni siku hizi."

"Fundi asiwe na wageni?"

"Wageni wasio na friji."

Wifi aliacha kuchambua mboga. Huyu ni mtu wa kucheka, lakini hapo hakucheka. "Muulize," alisema.

"Nikimuuliza atanidanganya, na nikishamjua ananidanganya, tutaishije?"

"Na usipomuuliza mtaishije?"

Mama Pacha akavuta ungo wa mboga, akaanza kuchambua yeye. Ni mwepesi wa kuinua kibendera na mzito wa kuuliza, ndivyo alivyo.

Jumamosi jioni Baba Pacha alitandaza vikombe mezani, kama afanyavyo kila kabla ya mechi kubwa. Kikombe kikubwa goli, vidogo mabeki, kopo la chumvi mshambuliaji. Hupenda kurudia yale makosa ya karibu na goli, kwa sababu ndiyo yanayowafanya watu wachome matairi.

"Beki kamwangusha huyu hapa," alisema, akilaza kopo la chumvi. "Kabla sijagusa mfuko, najiuliza. Goli lilikuwa mbali au karibu? Mpira ulikuwa unaelekea golini au unatoka pembeni? Jamaa angeufikia? Na kulikuwa na beki mwingine wa kuwahi?"

"Na majibu yote yakimbana?"

"Basi kaua nafasi ya wazi. Nje ya boksi, nyekundu, hakuna mjadala. Ndani ya boksi ninaangalia jinsi alivyofanya. Kama alikuwa anamvuta au anamsukuma, penalti na nyekundu. Kama kweli aliufuata mpira akachelewa, penalti na njano. Njano inatosha."

"Inatosha!" Mama Pacha akadakia. "Zamani ulikuwa unasema anayeua goli anaondoka nalo."

"Zamani sheria ilikuwa hivyo, Mama Pacha. Siku hizi wameona ni kumwadhibu mtu mara mbili. Penalti yenyewe inarudisha nafasi iliyouawa."

Alikuwa sahihi. Mama Pacha aliufanya mtihani huohuo wa sheria na akamzidi alama. Lakini jioni ile hata sheria ilimtoka mumewe mdomoni kama utetezi wa mtu aliyekwisha kujiandaa. Njano inatosha, kwa faida ya nani? Beki wa Bluu, yule pande la mtu wanayemwita Ukuta, ndiye anayeangusha watu kwenye boksi kila wiki.

Baba Pacha akaanza kukusanya vikombe. "Kesho ukiona nisichokiona, nipe ishara. Sitakuuliza mara mbili."

Ishara zao ni za zamani. Mkono kifuani ni njano, kwa kuwa refa huiweka njano kwenye mfuko wa shati. Mkono nyuma ya bukta ni nyekundu, kwa kuwa hukaa kwenye mfuko wa nyuma wa bukta. Waamuzi huzitenganisha hivyo ili hasira za uwanjani zisije zikawatolea kadi wasiyoikusudia.

Uwanja ulijaa mpaka watu wakakaa juu ya ukuta. Chumba cha waamuzi kilikuwa stoo ya chokaa na nyavu, na walipokuwa wakifunga kamba za viatu Mama Pacha alimwangalia mumewe kwa pembe ya jicho. Alikuwa anafunga kamba ileile mara ya tatu. Katika miaka yao yote ya kuchezesha hakuwahi kumwona akirudia kamba.

"Unaumwa?"

"Sijambo. Tukachezeshe mpira."

Kuanzia hapo kila filimbi ikawa ushahidi. Mpira wa kurusha ukipewa Bluu, Mama Pacha aliguna moyoni. Kijani wakidai wameshikiwa mpira kwa mkono na refa akipeperusha mikono kwamba mchezo uendelee, aliguna zaidi, ingawa yeye mwenyewe aliona mpira ulipiga bega. Refa alipompa Ukuta onyo la mdomo alikiona kicheko kidogo usoni mwa Ukuta. Huenda jua lilikuwa linampiga beki wa watu machoni. Lakini ukishaanza kumchunguza mtu kwa jicho hilo, hata akipiga chafya utataka kujua kaambiwa na nani apige.

Na jukwaani, safu ya mbele, alikaa yule bwana wa karakana. Leo hakuvaa kofia. Alikuwa amekunja mikono na hakumwangalia mchezaji yeyote, alikuwa anamwangalia refa tu.

Kipindi cha pili kilikuwa kinaelekea ukingoni, hakuna aliyefunga. Ndipo mshambuliaji wa Kijani, kijembamba wanachokiita Mshale, akachomoka na mpira upande wa Mama Pacha. Alikuwa hajaotea, Mama Pacha alikuwa sambamba naye akikimbia kwenye mstari wake. Mbele yake kipa peke yake. Nyuma yake Ukuta, akihema, akiteleza. Wakaingia kwenye boksi. Ukuta akajinyoosha mguu wa kulia kuutafuta mpira, Mshale akausogeza, na mguu ukakuta kifundo cha Mshale badala ya mpira. Chini!

Filimbi ikalia. Refa akaonyesha kidole kwenye nukta ya penalti bila kusita. Halafu mkono wake ukapanda kifuani.

Kifuani. Haraka vile! Mama Pacha akaona kila kitu kikijipanga mstari mmoja, simu kwenye mashuka, kreti lililopinduliwa, vikombe, njano inatosha. Na akaona kitu kingine pia, au alitaka kukiona: mkono wa Ukuta begani kwa Mshale kabla ya mguu kufika. Mkono ulikuwepo. Watu wanaokimbia bega kwa bega mikono yao huwa huko. Lakini ulivuta? Jezi ilikuwa imefura, na siku hiyo upepo nao ulikuwepo.

Refa alimtupia jicho, kama kawaida yake kabla kadi haijatoka. Mama Pacha akaweka mkono nyuma ya bukta.

Baba Pacha alisimama. Akaacha mfuko wa shati, akamkimbilia mpaka kwenye mstari, akainama ili wachezaji wasisikie.

"Umeona nini?"

"Kamvuta jezi kwanza. Mguu umefuata baadaye. Hakuwa anaucheza mpira."

"Jezi?"

"Jezi."

Hakumuuliza tena. Alimwangalia kidogo tu, kisha akageuka, akarudi kwenye boksi, akapeleka mkono nyuma na kunyanyua nyekundu juu ya kichwa cha Ukuta.

"Refa, nimeufuata mpira!" Ukuta alilia, pande lile la mtu, mikono kichwani. "Sijamvuta! Muulize mwenyewe! Mshale, sema!"

Mshale hakusema kitu. Nani angesema? Alikuwa anainuka, anajipangusa chokaa magotini, amempa mgongo Mama Pacha. Na Mama Pacha, ambaye siku zote za wiki hula kwa sindano na uzi, akaiangalia ile jezi. Ni kile kitambaa chepesi cha kufumwa, anakijua kama kiganja chake. Kikivutwa na mkono wa mtu mzima kwenye mbio kinabaki na pembe pale kiliposhikwa, na shingo inalegea upande mmoja, mpaka ukifue. Jezi ya Mshale ilikuwa imelala mgongoni imenyooka, haina hata kikunyanzi.

Mpira ulikuwa bado haujapigwa. Mpaka upigwe, refa anaruhusiwa kubadili uamuzi wake, na Ukuta alikuwa bado hajafika hata kwenye benchi. Ilikuwa apeperushe kibendera tu. Mkono ulikibana mpaka vidole vikamuuma. Akajiambia kwamba, sawa, huenda amekosea kuhusu jezi, lakini kuhusu mumewe hajakosea. Akirudisha njano, mipango ya karakana inakuwa imetimia, naye atakuwa ameisaidia kwa mkono wake. Akabaki amesimama kwenye mstari wake. Mshale akapiga, wavu ukacheza, upande wa Kijani ukalipuka.

Walirudi stoo huku polisi wamewazunguka na chupa za maji zikiruka. Hawajakaa vizuri, mlango ukafunguliwa. Akaingia kamishna wa mechi, na nyuma yake yule bwana wa shati la pasi. Mama Pacha akajiandaa. Sasa atamdai mume wangu mbele yetu, alifikiri, na moyo wake ulifurahi furaha moja mbaya.

"Huyu ni mwenzetu wa kamati ya nidhamu ya chama," kamishna alisema. "Aliachana na Bluu, yuko kwetu tangu msimu uanze."

Yule bwana hakukaa. "Baba Pacha," alisema, "wewe ndiye uliyetupigia simu kutuambia Kijani wamekufuata. Ukasema wanataka penalti na wanataka Ukuta atolewe. Tukakuomba unyamaze, uchezeshe kama kawaida, usimwambie mtu, hata wenzako wa vibendera, ili tuone kama wamemfikia mwingine. Si ndivyo?"

"Ndivyo."

"Leo Kijani wamepata penalti, na Ukuta ametolewa. Mimi nilikuona umeshika mfuko wa njano. Ukaenda kwa mshika kibendera, ukarudi na nyekundu. Nyekundu ni ya nani, nikuulize wewe, au nimuulize yeye?"

Mama Pacha alifungua mdomo, lakini mumewe alimwahi.

"Mshika kibendera anashauri tu," Baba Pacha alisema. "Uamuzi ni wa refa. Nyekundu ni yangu."

"Una hakika unataka niandike hivyo?"

"Andika."

Basi yule bwana akanyoosha kiganja, na Baba Pacha akabandua beji ya chama kifuani mwake, akampa. Alisimamishwa palepale mpaka kamati itakapokaa. Mama Pacha aliona jinsi nyuzi za mfuko zilivyobaki zimening'inia. Beji ile aliishona yeye.

Walirudi nyumbani kwa miguu. Jua lilikuwa bado linawaka kwenye mabati, watu wamekaa nje ya maduka, na wengine waliwapigia mluzi, wengine wakamwita Baba Pacha mwizi. Yeye alipunga mkono kana kwamba ni salamu. Wifi alikuwa mlangoni, amesikiliza mechi redioni. Alipoziona nyuso zao aliwachukua watoto wao pacha, akatoka nao kwa jirani bila kuambiwa.

Baba Pacha alikaa kwenye kiti cha barazani na viatu vyake vya mpira miguuni. Alianza kufungua kamba za kimoja, akaacha.

"Nani alikufuata?" akauliza.

Mama Pacha hakuelewa. "Kunifuata?"

"Kijani waliniambia, tukikukosa wewe tutapita nyumbani kwako. Chama kikaniuliza kama namwamini kila mtu kwenye timu yangu. Nikawaambia mke wangu msimguse, huyo msimhesabu kabisa. Niliapa." Sauti yake haikupanda. "Jezi ile nimeiona, Mama Pacha. Alipoinuka niliiona. Nikakungoja unipeperushie. Mpaka anaweka mpira kwenye nukta, nakungoja wewe. Sasa niambie tu ni nani, na walikuahidi nini, ili nijue naishi na jambo gani."

"Hakuna aliyenifuata."

"Usinidanganye leo."

"Naapa kwa watoto wangu. Sijachukua kitu cha mtu." Alivuta kigoda, akakaa mbele yake. "Kesho nitakwenda kwa kamati, niwaambie nyekundu ilikuwa yangu, beji wakurudishie."

"Watakuuliza kwa nini."

"Nitawaambia nilikosea."

"Hukukosea. Nayafahamu macho yako, wewe hukosei karibu vile. Kwa nini?"

Angeweza kusema jua. Angeweza kusema upepo, na pengine angeaminiwa, maana mbele yake alikuwa amekaa mtu aliyekuwa anatafuta sababu yoyote ya kumwamini. Lakini alikuwa amechoka kuficha, na alidhani ukweli utamtoa shakani mara moja.

"Nilikusikia kwenye simu," alisema. "Nikamwona yule bwana karakana. Nikadhani Bluu wamekununua wewe. Ulipogusa njano nikasema ndiyo hii, unawalipa sasa. Nikataka kukuzuia."

Baba Pacha akavua kipenga shingoni. Halafu akainama, akamaliza kufungua kamba, akavua viatu vyote viwili na kuviweka pembeni vikiwa vimelingana.

"Siku zote hizo," alisema, "tunakula meza moja."

"Nisamehe, mume wangu."

"Afadhali ungekuwa umekula hela zao," akamwambia. "Hizo tungezirudisha."